Msikubali Kuambiwa Kitalegea

Wajukuu zangu, nanyi vijana wengine mnaonipita kila jioni hapa Mama Ngina, Mombasa, mkiniamkia kwa adabu huku mnachechemea: kuna neno moja nataka mlikatae popote mtakapolisikia. Mtaambiwa dukani barabara ya Digo, mtaambiwa Kongowea kwenye mitumba, mtaambiwa hata na rafiki aliyewasindikiza na sasa amechoka kungoja. Umetia mguu, umesimama, kidole cha mwisho kinalia, unasema, "Mbona chanibana?" Jibu linakuja kwa sauti ya upole kabisa: "Kitalegea. Kivae tu siku mbili tatu."

Msikubali. Ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa vizuri hutanuka kidogo ubavuni, hilo sikatai. Urefu hauongezeki hata kwa upana wa uzi. Na hii ngozi ya plastiki iliyojaa madukani siku hizi haitanuki kabisa. Hukaa vilevile mpaka siku ipasuke. Kinacholegea ni mguu wako wewe. Ngozi inachubuka, inaota sugu, mfupa unasogea pole pole mpaka unatoka mahali pake, na siku maumivu yanapopungua unadhani kiatu kimekubali. Hakikukubali. Mguu ndio umeshindwa.

Sisemi kwa kubahatisha. Babu yangu mzaa mama alishona makubadhi Mji wa Kale maisha yake yote, na mimi nilikuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka 30, mingi katika hiyo nikifunga vidonda vya miguu. Yeye aliipokea miguu ingali mizima, mimi niliipokea imeshaharibika. Maneno yake niliyasikia utotoni kama hadithi za kibarazani. Wodini ndiko nilikoyaelewa.

Duka la babu lilikuwa kibaraza tu, upana wa mkeka mmoja. Alikuwa na maharazi ya kutobolea, nyundo, uzi uliopakwa nta, kisu alichokinoa miaka mingi hadi kikabaki ncha, na rundo la karatasi za kaki alizozikata kutoka mifuko ya saruji na kuzifuta vumbi. Mteja haulizwi anavaa namba ngapi. Anaambiwa avue, akanyage karatasi kwa miguu yote miwili, asimame wima. Watu walipenda kuinama watazame anavyochora, naye akiwazuia, kwa sababu mtu akiinama uzito unakwenda mbele na mguu unabadilika. "Simama kama unamngoja mtu," akiwaambia. Kisha anazungusha penseli, ameishika wima kabisa, haiingii chini ya unyayo wala haitoki nje. Akimaliza anatia nukta moja baina ya kidole gumba na cha pili.

Nukta hiyo ndiyo niliyoipenda kuitazama. Ni mahali pa gidamu, yaani ule ukanda unaopita katikati ya vidole. Nalieleza neno kwa sababu nasikia siku hizi mnauita kamba tu. Gidamu ikipita mbele mno, mguu unateleza na vidole vinatoka nje ya soli. Ikipita nyuma mno, inakata ile ngozi laini ya katikati mpaka itoke damu. Tofauti ya gidamu nzuri na mbaya ni upana wa punje ya mchele, na haifanani kwa watu wawili. Haifanani hata kwa miguu miwili ya mtu mmoja. Katika karatasi zote nilizomshikia babu sikumbuki mtu ambaye mguu wake wa kulia na wa kushoto ilikuwa sawasawa, na siku zote babu alishona kwa kuufuata ule mkubwa.

Na asubuhi hakupima. Ukija saa 3 utaambiwa uende zako ukafanye shughuli zako, urudi baada ya Alasiri, uwe umetembea. Mguu wa asubuhi, akisema, si mguu wako. Chuoni baadaye nilifundishwa sababu: mtu akisimama na kutembea mchana kutwa, maji ya mwili hushuka na kukaa miguuni, na joto kama hili letu la Mombasa linazidisha. Kiatu kilichokutosha vizuri saa 4 asubuhi ndicho kitakachokuumiza saa 11 jioni ukiwa kwenye foleni ya matatu. Basi kanunueni viatu jioni. Hili peke yake, mkilishika, litawaondolea nusu ya taabu.

"Kiatu chafuata guu," babu akimwambia mteja mbishi, "guu halifuati kiatu."

Siku za Ijumaa alinichukua tukasubiri nje ya msikiti wa Mandhry, ule ambao husemwa umesimama tangu 1570, na hapo mlangoni akinisomesha. Viatu vya watu vimepangwa, vingine vimepinduka. Ananionyesha soli moja moja. Hii imelika kisigino upande wa nje kidogo, huyu anatembea vizuri. Hii imelika upande wa ndani, mguu wa huyu umelala, atakuwa analalamika magoti. Hii imelika mbele tu chini ya kidole gumba, kiatu ni kifupi, vidole vinasukuma ukuta. Hii ya kushoto imelika kuliko ya kulia, mwenyewe ana maumivu ya nyonga na huenda hajamwambia mtu. Watu wakitoka, ananibana mkono nitazame. Mara nyingi alikuwa amesema kweli.

Kapindueni viatu vyenu leo mkavitazame hivyo. Mtajua mengi.

Babu alituambia pia jambo ambalo nataka mlijue kabla sijaendelea, msije mkadhani nayapuuza mapambo. Katika karne ya 19 huku pwani, mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu. Kwenda miguu mitupu ilikuwa alama aliyowekewa, na utumwa haukufutwa kisheria katika pwani hii ya Kenya hadi 1907. Walipopata uhuru, wengi walikimbilia kanzu, kofia na viatu, vile vile walivyonyimwa. Kwa hivyo najua kwa nini kiatu kinatutia fahari, na kwa nini mzee wa kwetu hatoki hadi makubadhi yake yafutwe. Fahari hiyo ni haki yenu. Ninalowaonya ni kuchagua kwa macho peke yake kitu ambacho macho hayatakivaa.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo, na nilikuwa nimekwisha kulelewa na mshona viatu. Mshahara wangu wa kwanza niliingia duka moja la mjini nikanunua viatu vyeusi vya kazini, vyembamba mbele, vinang'aa. Ilikuwa asubuhi. Muuzaji akanipaka poda kisiginoni, akanisukumia mguu kwa kile kijiko cha kuvalia viatu, akaniambia neno lile. Nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Nilivivaa miaka miwili nikisimama wodini zamu nzima. Leo ubavuni mwa kidole gumba changu cha kulia pana nundu ukubwa wa kungumanga, na kidole chenyewe kimeinama kimempanda mwenzake. Nundu hizi huenda kwa ukoo pia, lakini kiatu chembamba huziita mapema na kuzikuza. Haziondoki kwa mafuta wala kwa kukandwa. Mguu mmoja una mifupa 26. Miwili ni 52, karibu robo ya mifupa yote ya mwili wa mtu mzima. Vitu vidogo vingi namna hiyo vimefungamana, ukikisogeza kimoja vingine navyo vinatafuta mahali pa kwenda.

Wazee waliposema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wangeweza kutaja mkono au jino. Walitaja guu. Mimi nililisikia la mkuu na sikulifuata, na guu langu ni hili.

Hilo lakini ni dogo. Nataka niwaambie la mume wangu, Mungu amrehemu.

Alikuwa na sukari. Daktari alimwamuru atembee, na jioni baada ya Alasiri tulishuka pamoja tukaanzia Laitihausi, tukapita chini ya mibuyu, tukageukia karibu na kivuko. Alipenda mabuyu, yale mekundu yenye pilipili, akimumunya njia nzima na kutema kokwa kando. Jioni moja tulirudi nyumbani, akakaa kibarazani avue viatu. Soksi yake ya kushoto ilikuwa na doa jekundu ukubwa wa shilingi. Mwanzo nilidhani ni rangi ya mabuyu. Nikaishika, ina unyevu. Nikakiinua kiatu nikakipindua, na kokwa ya ubuyu ikaanguka sakafuni, ikalia tik. Alikuwa ameikanyaga kutoka Laitihausi hadi kivukoni na kurudi, zaidi ya saa nzima, imemchimba chini ya kidole cha mwisho.

Nikamuuliza, "Hukuhisi?" Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Sikuhisi kitu."

Hiyo ndiyo ganzi ya sukari. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka, inaharibu mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu inayofika miguuni. Mguu unaacha kulalamika. Wakati huohuo damu haifiki vizuri, kwa hivyo kidonda ambacho kwako wewe kingepona wiki moja kinakaa miezi. Na liko jambo ambalo watu wengi hawalijui, ambalo mimi nililijua kazini nikashindwa kuliona nyumbani kwangu: mwenye ganzi hupenda kiatu kinachombana. Akivaa kiatu cha kadiri yake anaona kama kinampwaya, kwa sababu hakihisi. Akivaa cha kumkaza, hapo ndipo anaposema, "Ah, hiki kimenikaa." Viatu vile mume wangu alivichagua mwenyewe na alivisifu. Vilikuwa vifupi kwa karibu namba nzima. Nilikuja kuvipima baadaye, nilipokuwa natafuta sababu.

Alikatwa vidole viwili. Aliishi miaka mingine baada ya hapo, lakini matembezi yetu yalikwisha.

Basi ukiwa na mzazi mwenye sukari, usimpelekee kiatu cha zawadi kwa kukisia namba. Mchore mguu. Kila usiku mtazame nyayo kwa taa, au mpe kioo akiweke chini ajitazame. Kabla hajavaa, vikung'ute viatu vyake, upitishe mkono ndani utafute msumari, mshono uliofumuka, changarawe. Kiatu kipya avae saa moja, avue, mtazame kama pana wekundu, ndipo mwongeze muda. Asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba, wala asikanyage mchanga wa mchana. Na jambo moja zaidi kwa sisi tunaotawadha: mara 5 kwa siku miguu inalowa maji, kisha tunaitia katika kiatu ingali majimaji. Baina ya vidole ngozi inavimba, inakuwa nyeupe, fangasi inaingia, inapasuka. Kwa kijana ni muwasho tu. Kwa mwenye sukari ule mpasuko ni mlango. Wekeni kitambaa kidogo karibu na birika, mkaushe vidole kimoja kimoja. Dakika moja haizidi.

Nirudi kwenu mlio wazima.

Namba iliyoandikwa chini ya kiatu haiujui mguu wako. Namba za Kiingereza, hizi 6, 7, 8, zilijengwa juu ya punje ya shayiri: kutoka namba moja hadi ya pili ni thuluthi ya inchi, kama milimita 8 na nusu. Za Ulaya, hizi 39, 40, 41 zilizojaa kwenye mitumba, huzidiana thuluthi mbili za sentimita, chini kidogo ya milimita 7. Ndiyo maana haziingiani sawasawa hata ubao wa dukani ukikuonyesha zimelingana. Zote zinasema habari za urefu, upana hazisemi, na kila kiwanda kina kalibu yake. Mtu anayesema "mimi ni 42" na kulipa bila kujaribu ananunua bahati nasibu.

Fanyeni alivyofanya babu. Chora miguu yako nyumbani, jioni, kwenye karatasi, umesimama. Kata umbo lile, likunje ulitie mfukoni. Ukifika dukani liweke juu ya soli ya kiatu, au toa ile soli ya ndani uikanyage. Mguu ukimwagika nje ya ukingo, kiache hapo, hata kama ni cha rangi uliyoiota. Ukikivaa, simama, usikijaribu umekaa. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa baadhi yetu ni cha pili na si gumba, pawe na nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kisigino kishikwe, kisipande na kushuka. Kisha kikunje kiatu kwa mikono: kikunjike pale vidole vinapokunjika. Kikikunjika katikati kama daftari, au ukiweza kukisokota kama kitambaa cha kufulia, hakitakubeba hata ufike Saba Saba. Tembea nacho mule dukani, tena na tena, muuzaji akununie akitaka. Na kama una soksi unazovaa nacho, ziwe mguuni siku hiyo.

Kongowea sikukatazeni. Viatu vizuri vya mitumba nimewanunulia watoto wangu wote. Lakini kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma: kikiegemea upande mmoja, kimeshajifunza mwendo wa mtu mwengine na kitakufundisha wewe. Kisha bonyeza soli kwa ukucha. Raba nyingi zina soli ya sponji la poliyurethani, nayo hata isipovaliwa huzeeka kwa kunywa unyevu wa hewa. Kiatu kinakaa ghalani miaka, juu kinaonekana kipya kabisa, unakivaa unakwenda nacho matembezi, na kabla hujafika Treasury Square soli inamumunyuka vipande vipande kama mkate uliolowa. Unyevu wa kisiwa hiki unaimaliza upesi zaidi. Ukibonyeza ikabaki alama, au ikanata, au ikatoa ungaunga, rudisha.

Kandambili ni za bafuni, za ufuoni na za kwenda msikiti wa jirani. Si za safari. Hazina kitu kinachoshika kisigino, kwa hivyo kila hatua vidole vinajikunja kuzizuia zisiruke, maelfu ya mara kwa siku, na usiku mtu analalamika vigimbi vya miguu bila kujua kwa nini. Kivuko cha Likoni kinavusha watu zaidi ya laki 3 kwa siku, na wengi wao ni wa kwenda kwa miguu. Ule mteremko wa kuingia feri huwa na maji ya chumvi, na kandambili iliyolika soli hapo ni kama sabuni. Lilipofunguliwa daraja la kuelea la Liwatoni Januari 2021, nilikwenda nikakaa upande wetu huu nikawatazama watu wakishuka. Wenye viatu vilivyofungwa walikuja wanazungumza. Wenye kandambili walikuja wamenyamaza, wengine wamezishika mkononi.

Tena hazidumu. Gidamu ikichomoka zinatupwa, na bahari inatuletea tena. Lamu mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliunda jahazi la Flipflopi kwa taka za plastiki, wakalifunika kwa kandambili kama 30,000 zilizookotwa, likashushwa majini 2018, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja. Nilizitazama picha zake nikazifikiria zile rangi zote, na miguu iliyozivaa muda mfupi kiasi kile.

Mkitaka kiatu cha wazi cha kutembea, kiwe na mkanda wa nyuma, na mikanda ya mbele iwe ya kukazwa na kulegezwa. Mikanda hiyo isipite juu ya nundu wala juu ya mfupa. Au mtafuteni fundi awapime makubadhi; wangalipo, Mji wa Kale na Lamu. Na msiwacheke walinzi wa Kimaasai hapa Kizingo kwa akala zao, zile ambazo wenzetu wa Tanzania huziita katambuga. Ni nzito, na tairi ni gumu kwa asiyezoea, lakini mtazameni fundi anavyozitengeneza: mwenyewe anakanyaga kipande cha tairi, anachorwa, kinakatwa. Kiatu cha bei ndogo namna ile kimepimwa juu ya mguu wa mwenyewe. Nyinyi mnatoa maelfu kwa kiatu kilichopimwa juu ya mguu wa nani?

Kijana mmoja aliniambia, "Bibi, basi bora pekupeku. Mbona Abebe Bikila alishinda?" Nilifurahi kwamba anamjua. Ni kweli, Septemba 10, 1960, Mhabeshi huyo alikimbia maratoni ya Rome miguu mitupu akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Lakini viatu alivyovipata kule havikumkaa, vilimchubua, akaona heri aende kwa nyayo zake alizozizoea tangu utoto. Mtu aliyekuwa na mbio kubwa kuliko zote za maisha yake mbele yake alikataa kiatu kisichomkaa. Hakungoja kilegee. Miaka 4 baadaye, Tokyo, alikuwa na viatu vilivyomfaa, akavivaa, akashinda tena. Kuhusu pekupeku yenyewe, ardhi yetu si ile ya zamani. Funza hakuwa mdudu wa huku. Alivuka kutoka Marekani ya Kusini na meli iliyofika Angola 1872, na kabla karne haijaisha alikuwa ameshavuka bara zima. Tuongeze chupa zilizovunjika ufuoni, na lami ya saa 7 mchana.

Kwa akina mama wenye watoto wa shule: najua Januari ilivyo. Najua kwa nini unanunua namba mbili zaidi na kutia gazeti mbele ili kifike mwaka ujao. Lakini mifupa ya mtoto bado ni laini, haikamiliki kukaza hadi anapokaribia utu uzima, na laini haiumi. Mtoto hatakwambia kinambana, wala kwamba mguu unaogelea ndani na anaukaza kwa vidole. Nafasi ya kidole gumba chako, isizidi, na kila miezi 3 bonyeza mbele ya kiatu uone alipofika. Usimrithishe mdogo kiatu ambacho kaka yake amekwisha kukikanyaga upande.

Na nyinyi mabinti wa mchuchumio, harusi zetu ni za kukaa. Vaeni, mpendeze, mpigwe picha. Viatu vya kutembelea viwe ndani ya mkoba. Kisigino kikiinuka, uzito wote unahamia kwenye zile nyama chini ya vidole, na mbele pakiwa pamechongoka vidole havina pa kukimbilia. Nisingelisema kama nisingekuwa na kungumanga hii mguuni.

Karatasi za babu ninazo. Alipofariki zilikuwa zinakwenda kutupwa, nikazichukua kwenye kapu moja. Imo yangu ya umri wa miaka 12, na nikiweka mguu wangu wa kulia juu yake leo naona pale mfupa ulipotoka nje ya mstari na umbali wake. Imo ya mume wangu pia, niliyomchora mimi mwenyewe, nimechelewa.

Kaki tupu bado imebaki. Penseli ipo. Ijumaa baada ya Alasiri nitakuwa kibarazani. Njooni, lakini mje mmetembea kwanza.